Siasa katika grupu zetu za simu: tukataze uongo na chuki, tusikataze swali

Karibu kila grupu ya WhatsApp hapa kwetu mashariki ina sheria moja. Iwe ya familia, ya korali, ya likirimba, ya wapangaji wa avenyu moja ama ya watu waliosoma pamoja, ukifungua maelezo yake unakuta: "Hapa hatutaki politiki." Wengine wanaongeza: "Wala dini, wala mpira." Sheria ya mpira na ya dini inavunjwa kila siku na hakuna anayefukuzwa. Ya politiki ndiyo inayolindwa kwa ukali.

Mimi pia niliiandika. Ninasimamia grupu ya promosheni yetu ya chuo kikuu, watu sitini na kidogo. Baadhi wako Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, wengine Kinshasa, wengine walikwisha kwenda Ulaya na Canada. Tuliifungua kwa mambo ya kawaida: kuchangia ndoa, kilio, kupongezana mtoto akizaliwa, kutafutiana kazi. Mwaka 2022, M23 walipochukua Bunagana, watu walianza kutukanana hadi usiku wa manane. Nikaweka sheria ile, na karibu wote walifurahi.

Tarehe 21 Januari 2025 M23 waliingia Minova. Usiku huo mwenzetu mmoja anayeishi Kinshasa aliandika: "Wenzangu, mama yangu yuko Minova na simu yake haiingii. Ni kweli jeshi limetoka? Watu wanakimbilia wapi?" Ujumbe ule niliufuta. Niliufuta kwa sababu ya maneno mawili, "jeshi limetoka", kwa kuwa nilijua mabishano yatakayofuata. Nikamkumbusha sheria ya grupu. Alijibu neno moja tu: "Sawa."

Baada ya siku tatu ndipo nilijua mengine. Mwenzetu wa pili, anayekaa karibu na ziwa hapa Goma, alikuwa anaona kila saa mashua zikifika kutoka upande wa Minova, zimejaa akina mama, watoto na magodoro. Alisoma lile swali kabla sijalifuta. Hakujibu, kwa sababu msimamizi alikuwa amekwisha kusema. Na mama yule alikuwa ndani ya mashua mojawapo. Alilala usiku mbili katika kanisa, simu imezimika, mahali ambapo mwenzetu yule angefika kwa mguu kwa dakika kumi. Mama yuko salama leo. Lakini kwa usiku mbili mtoto wake aliamini kwamba amekufa, na aliyefunga mlango wa jibu ni mimi, mwandishi wa habari mwenye diploma ya kazi hiyo.

Tangu siku ile najiuliza kama sheria yetu inalinda watu ama inalinda usingizi wa msimamizi. Msimamo wangu leo ni huu: grupu ina haki ya kukataa uongo, matusi na chuki ya kabila, tena bila huruma. Haina haki ya kumkataza memba kuuliza juu ya jambo linalogusa maisha yake, hata kama jibu litataja serikali, jeshi ama waasi.

Neno moja, mambo matatu

Kwa Kiswahili chetu cha Kivu neno politiki liliharibika siku nyingi. Mtu akikuzungusha juu ya deni lako unamwambia: "Usinifanyie politiki." Mtoto anayejua kuongea na wakubwa ili asitumwe sokoni, tunasema huyo ni mwanapolitiki. Basi mtu anaposema hataki politiki katika grupu, mara nyingi anachokataa ni udanganyifu, na hapo ana haki kabisa. Shida ni kwamba ndani ya neno hilo moja tunatia mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni habari na maswali ya maisha ya kila siku. Barabara iko wazi? Shule zitafungua Jumatatu? Kwa nini bidoni ya maji imepanda bei? Banki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mama muuzaji wa makala aliyeweka akiba yake ndani hakuwa anafanya siasa alipouliza atapata lini pesa yake. Lakini jibu la swali lake halikuweza kupita bila kutaja Kinshasa, wala bila kutaja wale walioshika mji.

La pili ni maoni. Mmoja anaona mapatano yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Congo na Rwanda ni mwanzo wa amani. Mwingine anaona ni biashara ya madini. Mmoja anatumaini mazungumzo ya Doha, mwingine anasema hayo ni kupoteza wakati. Hawa wote wawili wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja, na wote wawili wanaweza kuwa watu wema.

La tatu ni uvumi, propaganda na chuki: odio isiyo na mwenyewe, picha ya vita vya nchi nyingine inayoletwa kama ni ya Masisi, ujumbe unaosema kabila fulani lote ni maadui.

Ukitia yote matatu katika gunia moja na kulitupa nje, anayepotea kwanza ni yule wa swali. Ni mtu mwenye adabu, na ukimkataza ananyamaza. Mwenye propaganda hakatazwi na sheria. Anatuma usiku, anafutwa, anafukuzwa, kesho anarudi na namba nyingine. Kwa hiyo sheria ya "hatutaki politiki" inafanya kazi vizuri sana juu ya watu ambao haikuandikwa kwa ajili yao.

Kulia tunaruhusiwa, kuuliza hapana

Tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiiona kutoka pwani. Makumi ya abiria walikufa. Siku ile grupu zote zilijaa picha za watu waliokuwa wanatafutwa, sala na michango ya kilio. Ilikuwa vizuri, ndivyo tulivyolelewa.

Lakini jioni, katika grupu zaidi ya moja nilizomo, watu walianza kuuliza maswali mengine. Nani aliruhusu mashua iondoke imejaa namna ile? Vesti za kuokoa maisha zilikuwa wapi? Kwa nini mfanyabiashara wa viazi na mwanafunzi wanapita ziwani, wakati zamani walipanda gari kupitia Sake? Jibu la swali la mwisho kila mtu alilijua: vita vilikata barabara ya Goma na Minova tangu mwanzo wa mwaka ule. Na hapohapo wasimamizi wakatoka: "Tafadhali, tuko katika kilio, tusilete politiki."

Ninaelewa heshima ya kilio. Kwetu hatugombani mbele ya maiti. Lakini kilio kina mwisho, na maswali yale hayakurudi tena hata baada ya maziko. Tulizoea mpango huu: kuwalilia wafu tunaruhusiwa, kuuliza walikufa kwa nini tunakatazwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio kinakuja kutufichua, tunakifunika nacho.

Mambo makubwa ya mji huu yalianza kwa maswali madogo ya majirani. LUCHA, kundi la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilijulikana kwa watu kwa sababu lilisema juu ya ukosefu wa kazi na juu ya maji: mji unaokaa kando ya Ziwa Kivu, lakini mama anaamka saa kumi ya usiku kutafuta bidoni. Je, maji ni siasa? Ukimuuliza mama yule atakuambia ni maji tu. Ukimuuliza mwenye bajeti mkononi atakuambia hiyo ni siasa, tena nyamaza. Tuangalie vizuri nani anafaidika kila mara tunapoita jambo fulani politiki.

Na tukikataa swali, halifi. Linahamia mahali ambapo hakuna mtu wa kulijibu. Watu wa Beni na Butembo wanalijua hilo kuliko sisi. Wakati wa ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, watu waliuliza kwa nini sasa, kwa nini hapa, kwa nini magari mengi hivi ya wageni, sisi ambao tunachinjwa miaka mingi bila gari hata moja kuja. Yalikuwa maswali ya kweli ya watu wenye uchungu. Kisha, tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi wa raisi, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitoa sababu ya Ebola na usalama. Tangu hapo uvumi kwamba Ebola ni mchezo wa wanasiasa ulipata nguvu mpya. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, waganga waliuawa, na ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2.287.

Sisemi kwamba grupu za WhatsApp zingezuia hayo. Nasema muuguzi aliyekuwa katika grupu ya familia yake, mtu ambaye wote walimjua kwa jina na walimuamini, angefaa kuliko mabango yote. Lakini katika familia nyingi mazungumzo yale yaliitwa politiki, na muuguzi alinyamaza pamoja na wengine.

Wenye kuogopa wana sababu zao

Hata hivyo, wanaotaka kukataza si wajinga. Wana sababu tatu nzito, na mwandishi asiyezisikiliza hastahili kusikilizwa.

Sababu ya kwanza ni simu yenyewe. Katika miji yetu leo watu wamejifunza kufuta mazungumzo kabla ya kutoka nyumbani, kama vile zamani tulijifunza kuangalia kama tumebeba kadi ya uchaguzi. Kijana anajua kwamba simu yake inaweza kuangaliwa njiani, na kwamba ujumbe alioandika mwingine unahesabiwa kuwa wake. Hatari hiyo haiko upande mmoja wa mstari wa vita. Katika sehemu zinazoshikwa na AFC/M23 watu wanaogopa wenye bunduki waliopo. Na upande wa serikali, mwanzoni mwa Januari 2025, waziri wa sheria wa wakati ule alitisha kwa adhabu ya kifo mwanasiasa, mwandishi wa habari ama mtu wa shirika la raia atakayeeleza kazi za jeshi la Rwanda na M23. Raia wa kawaida aliyesoma maneno yale alielewa kwamba hata kuuliza nani ameshika kijiji chako kunaweza kukupeleka gerezani.

Hapa niwaambie ndugu zetu walio mbali, Kinshasa, Bruxelles, Paris, Montréal. Uchungu wenu juu ya nchi tunaujua, na pesa mnazotuma zinatulisha. Lakini katika grupu nyingi mwenye kuandika kwa moto zaidi ni yule asiyepita kwenye kizuizi chochote asubuhi. Anaandika usiku majina ya wakubwa, anawaita hivi na hivi, anaweka picha, analala. Asubuhi binamu yake anatoka Ndosho kwenda Birere na simu ile mfukoni. Mwenye kuandika ni wa kule, mwenye kulipa ni wa huku. Uhuru wa kusema unaolipwa na mtu mwingine unahitaji kwanza ruhusa yake.

Sababu ya pili ni kazi ya grupu. Likirimba ya akina mama kumi na tano ni pesa za chakula na za shule. Mama mmoja akitoka kwa hasira kabla ya zamu yake ya kutoa, ama baada ya kupokea, wengine wanabaki na mikono mitupu. Banki zikiwa zimefungwa, likirimba ndiyo iliyokuwa banki. Basi mama anayesema "hapa tuongee franga tu" ana haki, kwa kuwa analinda chungu cha watoto wa watu. Grupu ya namna hiyo ina kazi moja na kila mtu aliingia kwa kazi hiyo. Sipendi mtu aingie humo na hotuba za saa nzima, hata kama ninakubaliana nazo.

Sababu ya tatu ni kabila, na ndiyo nzito kuliko zote. Mwezi wa Novemba 2023, hapa Goma, kundi la watu lilimuua askari wa FARDC, mtu wa jamii ya Banyamulenge, aliyekuwa anavaa uniforme ya nchi hii. Walimuua kwa sababu walimwita adui kwa kumtazama sura, kisha video ikapita katika simu zetu. Wengine waliituma na maneno ya furaha. Ninajua watu waliotoka katika grupu za familia siku ile, kwa sababu bibi yao ama shemeji yao ana sura kama ya marehemu, na hakuna hata mmoja katika grupu aliyesema neno.

Hapo sina mjadala. Ujumbe unaomfanya jirani kuwa mnyama, nyoka ama takataka hauna nafasi katika grupu yoyote, hata kama aliyeutuma ni baba mkubwa, ni mchungaji ama ndiye mwenye kutoa mchango mkubwa. Na msimamizi anayefuta swali la mama wa Minova lakini anaacha ujumbe ule ukae ukutani siku nzima, huyo halindi amani ya grupu. Amechagua upande.

Sheria ya nchi ipo, lakini haitoshi

Wengine watasema tuachie vyombo vya sheria. Sheria zipo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, akiheshimu sheria, utulivu wa watu na desturi njema. Ukabila unaadhibiwa katika nchi hii tangu sheria ya 7 Juni 1966. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna sheria ya mambo ya dijitali. Kifungu chake cha 360 kinasema anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao, na anayeisambaza, wote wawili wanaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita, kutozwa faini ya franga 500.000 hadi 1.000.000, ama moja ya adhabu hizo mbili.

Kila memba wa grupu anapaswa kukijua kifungu hicho, hasa neno "anayeisambaza". Kusema "mimi nimetuma tu kama nilivyopokea" hakukusaidii mbele ya jaji. Tena mbele ya jirani yako hakukusaidii pia.

Lakini sisi waandishi tunajua upande wa pili wa sheria hiyo. Mwenzetu Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, akashitakiwa pamoja na mengine kwa kusambaza uongo, akakaa gerezani zaidi ya miezi sita kabla ya kutoka Machi 2024. Fimbo ya kupiga uongo, ikiwa mkononi mwa mwenye nguvu, inapiga pia habari. Na wenye nguvu wanajua mazungumzo yetu ya simu yana uzito gani: intaneti ilikatwa nchini Januari 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ikakatwa tena kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, kwa karibu siku ishirini. Mtu hafungi mlango wa chumba ambacho hakina kitu ndani.

Kwa hiyo kusafisha grupu ni kazi yetu wenyewe. Tukiiachia serikali, ama wenye bunduki, watasafisha wanavyotaka wao.

Tufanye nini basi

Kwanza, memba wenyewe waamue. Msimamizi si chifu wa kurithi. Awaulize watu: grupu hii ni ya kazi gani, na tunakubali nini ndani yake? Likirimba inaweza kukubaliana kuongea pesa tu, pamoja na habari za usalama za siku ya kukutana. Grupu ya avenyu haiwezi kukataa habari za maji, umeme, ushuru na wezi wa usiku, kwa sababu bila hizo haina maana ya kuwepo. Wanaopenda kubishana juu ya Washington na Doha wafungue yao pembeni, anayetaka aingie.

Pili, swali la usalama na la maisha lisifutwe kamwe. Likiwa hatari kulijibu mbele ya wote, anayejua amwandikie mwenye kuuliza peke yake, ama ampigie. Usalama wa wote unapimwa kwa memba aliye hatarini kuliko wengine: yule anayepita vizuizini, yule ambaye jina lake ama sura yake inamtia mashakani. Kinachoweza kumletea shida kikiwa ndani ya simu yake, tusikiandike hapo. WhatsApp inaruhusu pia ujumbe ujifute wenyewe baada ya saa 24 ama siku saba. Msimamizi anaweza kuweka hivyo leo jioni.

Tatu, tukatae ujumbe usio na mwenyewe. Ukileta habari, sema nani ameona, wapi, siku gani. "Mimi niko Kyeshero, nimeona magari matatu asubuhi hii" ni habari. Kesho tunaweza kukuuliza. "Imepokelewa, tuma kwa watu kumi" si habari. Ukiona juu ya ujumbe mishale miwili, WhatsApp inakuambia kwamba umepita mikono mingi. Tangu mwaka 2020 kampuni yenyewe inazuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Kama wenye mtandao wanauogopa, sisi ambao unatuua tuuogope zaidi.

Nne, maoni yawe na jina na adabu. Anayemtetea raisi, anayempinga, anayetaka mazungumzo na anayetaka vita viendelee, wote waseme kama wangesema wakiwa wameketi kwa mama mkubwa siku ya Noeli, watoto wakisikia. Kipimo hicho kinatosha. Maneno usiyoweza kumwambia shemeji yako usoni, usiyaandike.

Tano, chuki ya kabila ifutwe papo hapo, na aliyeiandika aambiwe mbele ya wote kwa nini. Kufuta kimya hakutoshi, kwa sababu yule aliyetukanwa amekwisha kusoma. Anahitaji kusoma pia kwamba wenzake hawakukubali.

Na sisi wa vyombo vya habari tuna deni letu. Redio kadhaa za mashariki ziliporwa ama zilifunga milango katika vita hivi, nyingine zinaongea kwa kuchagua maneno kama mtu anayetembea juu ya miiba. Grupu zilipokea kazi ambayo tuliiacha. Hatuwezi kumlaumu mama wa Kadutu kwa kusikiliza odio ya mtu asiyemjua, ikiwa sisi hatukumletea habari yenye jina.

Nilimpigia simu mwenzangu wa Kinshasa, nikaomba radhi. Akaniambia kwamba hakukasirika kwa sababu ya sheria. Kilichomuumiza ni kuwa swali juu ya mama yake liliitwa politiki. Nilirudi katika grupu, nikaeleza mbele ya wote nilichofanya, tukaanza kuandika sheria upya. Ilituchukua siku nne na ubishi mwingi. Wawili walitoka, mmoja akarudi.

Sheria yetu sasa ina mistari mitatu. Usilete habari ambayo huwezi kusema uliipata wapi. Usimtukane mtu kwa kabila lake. Mwenzako akiuliza juu ya watu wake, jibu unachokijua, ama mpigie. Neno politiki halimo tena.